Kubadilisha Kinga za Bampa ya Nyuma kwenye MGB ya Zamani

Ukisimama nyuma ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya miaka ya 1960 au ya mwanzo wa miaka ya 1970, kinachovuta jicho kwanza ni kromu: bampa nyembamba iliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine, na juu yake vipande viwili vilivyosimama wima kama pembe fupi, kimoja kushoto na kingine kulia kwa namba ya gari. Vipande hivyo ni kinga za bampa, ambazo mafundi wetu wengi huziita ovaraida. Ziliwekwa ili magari mawili yakigusana kwa mwendo mdogo bampa ya moja isipande juu ya bampa ya jingine na kunasa. Hapa Nakuru kazi hiyo bado haijaisha, kwa maana yeyote anayeegesha karibu na Kenyatta Avenue siku ya Jumamosi anajua kwamba pikapu inayorudi nyuma haiulizi umri wa gari lililo nyuma yake.

Nilirithi MGB GT ya mwaka 1971 kutoka kwa mjomba wangu. Kinga ya kulia ilikuwa imepinda kwa ndani baada ya kugongwa na pikapu ya aina hiyo, na ya kushoto, ingawa ilionekana nzima kwa mbele, ilikuwa imeliwa na kutu kutoka nyuma hata ukiibonyeza kwa kidole gumba inatoa sauti ya bati la kopo. Nimezibadilisha mara mbili: mara ya kwanza kwa mikono ya gereji, mara ya pili kwa mikono yangu. Maelezo haya yanatokana zaidi na ile mara ya pili, lakini somo kubwa lilitokana na ile ya kwanza.

Kulegeza na kukaza, ukivihesabu peke yake, hakuzidi saa moja. Kinachoila siku nzima ni bolti mbili ambazo hazijaguswa kwa nusu karne. Kwa hiyo anayepanga kazi hii aipange kwa kuzifikiria bolti, wala si kromu, na aanze kuzitia mafuta siku tatu kabla ya kushika spana.

Kabla ya kuagiza

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na katika miaka hiyo sehemu ya nyuma ilibadilika zaidi ya mara moja. Badiliko kubwa ni la mwaka 1974, pale bampa za kromu zilipoondolewa na kuwekwa bampa kubwa nyeusi za mpira ili kutimiza sheria za usalama za Marekani. Gari lenye bampa hizo nyeusi halina kinga ninazozieleza hapa, na mwenye gari hilo asipoteze pesa kuziagiza. Hata kati ya magari ya kromu, zipo kinga zenye matundu ya kufungia taa ndogo za kumulika namba na zipo zisizokuwa na matundu hayo. Zenye matundu huwa na upande wake, kwa sababu taa zote mbili lazima zitazame ndani kuelekea kwenye namba; ukiletewa za kulia mbili, umeletewa moja.

Muuzaji wa spea aliye ng'ambo hatalijua gari lako kwa kuambiwa mwaka tu. Chukua kipande cha kartoni, kiweke mgongoni mwa bampa pale kinga inapokaa, uchore mkunjo wake, kisha ukate kwa makasi hadi kartoni ikae bila kuacha mwanya. Kartoni hiyo ina kazi mbili. Kwanza, unaipiga picha ikiwa kando ya futi na kumtumia muuzaji pamoja na picha ya kinga ya zamani kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Pili, kinga mpya ikifika unaipima kwa kartoni kabla hujagusa gari. Kinga za kuiga nyingi zina mkunjo unaokaribia ule wa asili bila kuufikia, na pengo la milimita tatu linaloonekana dogo mezani huonekana kama pengo la jino likishakaa kwenye kromu inayong'aa.

Ukiipokea, igeuze. Watu hutazama mbele ambako kila kitu kinang'aa, ilhali maisha ya kinga yapo nyuma. Angalia kama nati iliyochomelewa ndani imekaa sawa na katikati, na kama meno yake ni safi. Mara nyingi mabaki ya kromu au nikeli huwa yameingia ndani ya meno na kuyabana. Kisha angalia kama chuma cha ndani kimepakwa chochote. Mara nyingi hakijapakwa. Kromu ya mapambo ni tabaka jembamba mno lililolazwa juu ya nikeli, na nikeli ndiyo hasa inayokinga chuma na kutoa sehemu kubwa ya ule mng'ao. Ndani ya kinga, ambako umeme wa kuchovya haukufika vizuri, tabaka hizo huwa hafifu au hazipo kabisa. Ndiyo sababu kinga huoza kutoka ndani huku uso wake ukibaki wa harusini.

Kwa hiyo kinga mpya isifungwe siku inapofika. Isugue ndani kwa msasa mwembamba, ifute kwa kitambaa chenye thina, upake rangi ya msingi yenye zinki, na ikikauka uongeze tabaka mbili za rangi ya mafuta nyeusi. Ziba tundu la nati kwa kipande cha mshumaa wakati wa kupaka. Uache chini pawe wazi: kinga iliyozibwa chini huhifadhi matope ya mvua ya Aprili mpaka Julai, na jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, kwa hiyo matope yatapatikana tu.

Spana za inchi, na bolti iliyokataa

Gari hili lilizaliwa Uingereza wakati ambapo bolti zilipimwa kwa inchi. Meno yake ni ya aina ya UNF, yaani meno membamba ya kipimo cha inchi, na vichwa vyake vinataka spana za 7/16, 1/2 na 9/16. Sanduku la kawaida la fundi wa Nakuru limejaa spana za milimita kwa sababu magari yetu mengi ni ya Kijapani, na fundi mwenye haraka atakuambia kwamba 13 ni sawa na nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ile tofauti ya milimita 0.3 si kitu kwenye bolti mpya, lakini kwenye bolti yenye kutu inatosha kuviringisha kona za kichwa mpaka kiwe duara, na hapo umepoteza njia rahisi. Kwa 9/16 ni shida zaidi, kwa kuwa ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, na ya 15 inaogelea. Nunua soketi tatu za inchi zenye pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu pembe sita hushika ubapa wa kichwa badala ya ncha zake.

Meno ndiyo hatari iliyojificha. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa hiyo mkononi haitofautiani na bolti ya milimita 8. Lakini ya 5/16 UNF ina meno 24 katika kila inchi, yaani hatua ya jino hadi jino ni kama milimita 1.06, na ile ya kawaida ya milimita 8 ina hatua ya 1.25. Ukiitia ya milimita ndani ya nati ya inchi, itazunguka mara mbili au tatu kwa vidole kana kwamba imekubali, kisha itakaza. Mtu asiyejua hudhani imekaza kwa sababu imefika.

Hivyo ndivyo ilivyotendeka kwenye gari langu. Gereji niliyoipelekea kazi mara ya kwanza ilinirudishia gari likimetameta, nikalipa, nikashukuru. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nikielekea Kisumu, na baada ya kupita Kericho nikaanza kusikia mgongano mdogo nyuma kila gurudumu lilipoingia shimoni. Nilipofika Awasi nilisimama kando, nikaishika kinga ya kulia, ikacheza mkononi kama jino la mtoto wa miaka saba. Nikaifunga kwa waya na kuendelea hadi Kibuye, mjini Kisumu, ambako mafundi wa jua kali wana vibanda vyao, na kumkuta mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Mzee wangu, hii bolti imegoma," nikamwambia, maana nilikuwa nimejaribu kuikaza na haikwenda mbele wala nyuma.

Akailegeza kwa nguvu, akaitoa, akaifuta kwa kidole na kuinua hadi usawa wa jicho. Meno ya kwanza matatu yalikuwa yamesagika na kubaki nyuzi za chuma zinazong'aa. "Haijagoma, mwanangu," akasema. "Imelazimishwa. Hii ni ya Mjapani, na hili gari si la Mjapani."

Aliyasafisha meno ya nati kwa chombo cha kukatia meno cha inchi, akaniuliza kama nimewahi kuingia duka la spea za trekta. Sikuwa nimewahi. Tangu siku hiyo bolti zote za inchi ninazozihitaji huzipata huko, kwa sababu Massey Ferguson za zamani zinazolima Njoro na Rongai zinatumia bolti za jamii hiyo hiyo, kama zilivyo Land Rover za zamani. Peleka bolti yako ya asili kama mfano, na ujaribu nati mpya juu yake palepale dukani. Nati inayokubali huteremka kwa vidole hadi mwisho bila kusukumwa. Muuzaji akikuambia "hii itaingia tu", rudisha.

Naongeza kwa wenye Datsun 240Z, gari lililotwaa ushindi wa Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na ambalo bado lina wapenzi wengi nchini: kwenu mambo ni kinyume. Gari hilo ni la milimita, na ushauri wangu wa duka la trekta usiufuate. Yanayobaki kuhusu kutu, mafuta na vipimo yanawahusu sawasawa.

Kuilegeza ya zamani

Siku tatu kabla, asubuhi na jioni, nyunyizia mafuta ya kupenya kutu mahali bolti inapoingilia. Mpangilio wa kawaida ni bolti ndefu inayotoka nyuma ya bampa, ikipita kwenye chuma cha kubebea bampa na kwenye kipande kifupi cha bomba kinachotenganisha, kisha kuingia kwenye nati iliyo ndani ya kinga. Kwa hiyo kichwa cha bolti unakifikia ukiwa umelala chini nyuma ya gari, lakini mahali penye kutu kali ni ndani ya kinga, na mafuta lazima yafike huko. Mimi hutumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye kipande cha mrija mwembamba, kupitishia mafuta kwa chini hadi kwenye nati. Wengine hutumia dizeli. Dizeli hufanya kazi polepole, ila huharibu mpira ikiugusa, kwa hiyo kama mipira yako bado ni mizima uiepushe.

Siku ya kazi, weka gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Ukihitaji kulinyanyua, tumia jeki na stendi mbili chini ya ekseli ya nyuma, na uweke vizuizi kwenye magurudumu ya mbele. Mawe na matofali yasitumike. Tofali la saruji huweza kupasuka ghafla bila kutoa onyo, na wewe uko chini. Bomba la moshi lipoe kwanza. Kisha ondoa umeme. Kwenye MGB ya kromu hili lina kichekesho chake, kwa sababu gari halina betri moja mbele bali betri mbili za volti 6 zilizofichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, na itakubidi uondoe zulia na kifuniko kabla ya kuziona. Ondoa waya uliofungwa kwenye bodi. Katika magari ya kabla ya mwisho wa 1967 waya huo ni wa chanya, wala si wa hasi kama tulivyozoea, kwa hiyo fuata waya kwa macho badala ya kufuata mazoea.

Usiondoe kinga zote mbili kwa pamoja. Iache moja mahali pake iwe kielelezo cha namna washa (vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti), mpira na bomba la kutenganisha vinavyopangana, mpaka nyingine iwe imekaa. Piga picha kila hatua. Kabla ya kulegeza, bandika tepu ya karatasi juu ya bampa pande zote za kinga na uchore kwa penseli mstari inapoishia. Mstari huo utakuokolea nusu saa baadaye, na tepu italinda kromu ya bampa isikwaruzwe.

Vaa glavu. Kromu iliyoanza kuchanika hutoa magamba makali kuliko wembe, nami nina alama kwenye kidole cha shahada inayonikumbusha.

Sasa shika soketi, uanze kwa kukaza kidogo, siyo kulegeza. Robo ya robo ya mzunguko inatosha kuvunja kutu. Kisha legeza kidogo, rudi kidogo, legeza tena, ukiongeza mafuta kila inapokaza. Anayevuta moja kwa moja kwa bomba refu juu ya spana atasikia mlio mmoja mfupi na kubaki na kichwa cha bolti mkononi. Kukatika huko si mwisho wa dunia, lakini kunabadilisha kazi.

Na hapa lazima niseme jambo bila kulainisha. Tangi la petroli la MGB liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, karibu sana na mahali unapofanyia kazi. Fundi wa bodi akikuambia alete gesi aipashe bolti moto, au alete grenda aikate kwa dakika moja, mkatalie akiwa bado amesimama. Cheche za grenda huruka mbali, na mvuke wa petroli kutoka kwenye mpira wa tangi uliochakaa hauonekani. Nimeona watu wakifanya hivyo bila lolote kutokea, na sijashawishika hata kidogo. Bolti inayohitaji moto itolewe pamoja na bampa nzima, bampa ipelekwe mbali na gari, na huko ndiko moto utakapotumika. Chuma cha kubebea bampa kina bolti zake kwenye bodi. Ni kazi ya ziada ya dakika arobaini na msaidizi mmoja wa kushika upande wa pili ili bampa isianguke na kukwaruza rangi.

Tatizo linalosumbua kuliko kukatika ni nati ya ndani kuachia mahali ilipochomelewa. Utalijua kwa sababu bolti inazunguka kwa wepesi bila kutoka. Ingiza bisibisi bapa kutoka chini ya kinga, uibane nati dhidi ya ukuta wa ndani huku msaidizi akizungusha bolti polepole. Ikikataa, chukua ubapa mtupu wa hekso, ule msumeno wa kukatia chuma, uufunge kitambaa upande mmoja uwe mpini, uupitishe katikati ya kinga na bampa, na ukate bolti kwa mkono. Weka kipande cha bati jembamba juu ya kromu ya bampa ili ubapa huo usiiguse. Kwangu ilichukua dakika ishirini na tano kwa upande wa kushoto, na mkono ulichoka, lakini hakuna cheche iliyoruka.

Kuifunga mpya

Kinga ya zamani ikishatoka utaona mahali ilipokuwa pamebaki umbo lake kwa vumbi na kutu ndogondogo. Osha kwa maji na sabuni. Madoa ya kutu juu ya kromu yasisuguliwe kwa brashi ya waya wala msasa. Chukua karatasi ya alumini ya kufungia chakula, uikunje, uichovye majini, na usugue kwa upole. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haiikwaruzi, ila inang'oa kutu na kuacha uji wa kijivu unaofutika. Palipotoboka hapatarudi, lakini patasimama.

Angalia chuma cha kubebea bampa. Kama gari liligongwa, kama langu, chuma hicho huenda kimepinda kidogo, na kinga mpya itainama hata ukiifunga vipi. Watu wengi hulaumu kinga mpya kwa kosa la chuma cha zamani. Kinyooshe kwenye jiliwa kikiwa kimetolewa, siyo kwa nyundo kikiwa garini.

Kati ya kinga na bampa kuna ukanda mwembamba wa mpira au plastiki unaozuia kromu isisuguane na kromu, na maji yasisimame katikati. Ukanda wa asili ukiharibika na mpya haujafika, mpira wa tyubu ya baiskeli hufaa: kata ukanda wa upana wa sentimita moja na nusu, uukunje mara mbili, na uuweke mkunjo ukitazama nje. Upake maji ya sabuni ili uteleze mahali pake. Grisi isitumike hapo, kwa kuwa mpira wa kawaida huvimba na kuoza kwa mafuta.

Kisha jaribu kila kitu kikiwa kikavu. Tia bolti kwa vidole hadi mwisho bila kinga kuwa kwenye gari, ujihakikishie kwamba meno yanakubaliana. Itoe, ihesabu mizunguko, uikumbuke hesabu hiyo. Weka kinga mahali pake na uitie bolti tena kwa vidole. Ikikaza kabla ya kukaribia hesabu uliyoikumbuka, kuna kitu hakijapangika, na dawa yake siyo spana. Mara nyingi ni bomba la kutenganisha lililokaa upande.

Ukishatosheka, paka grisi ya shaba kidogo kwenye meno, weka washa bapa na washa ya springi, na ukaze mpaka kinga isimame yenyewe lakini bado isogee ukiigonga kwa kiganja. Fanya hivyo pande zote mbili kabla ya kukaza yoyote. Sasa pima. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu gurudumu moja likiwa na upepo pungufu vipimo vyote vitakudanganya. Pima kutoka kwenye ukingo wa mlango wa buti hadi ncha ya juu ya kinga, kushoto na kulia, kisha kutoka katikati ya namba hadi kila kinga. Simama hatua kumi nyuma ya gari, chuchumaa, utazame. Kamba ya timazi ikining'inizwa mbele ya kinga itaonyesha inakoinamia, ila mwishowe jicho ndilo hakimu, kwa kuwa bodi za magari haya ziliunganishwa na binadamu na hazikuwa sawa pande zote hata siku zilipotoka kiwandani. Kinga zangu zinatofautiana kwa milimita nne kwa kipimo na zinaonekana sawa kabisa. Nilipozisawazisha kwa futi zilionekana zimepinda, nikazirudisha.

Kukaza kwa mwisho ni kwa spana fupi na mkono mmoja. Nati ya ndani imeshikiliwa na vidoti vichache tu vya kuchomelea, na nguvu inayofaa kwa nati ya gurudumu itaing'oa. Acha mara tu washa ya springi inapolala bapa, ongeza kidogo, basi.

Kama kinga zako zina taa za namba, rudisha waya zake kabla ya kukaza kwa mwisho, uzipitishe mahali ambapo hazitabanwa na bampa. Taa hizo hutegemea chuma cha kinga kurudisha umeme kwenye bodi, njia ambayo mafundi wa umeme huiita athi. Ile rangi uliyojisifu kwa kuipaka ndani ya kinga ndiyo sasa inayoizuia njia hiyo. Kwangua rangi kidogo pale taa inapogusana na kinga na pale washa inapogusana na chuma cha kubebea, au, jambo ninalolipenda zaidi, vuta waya mweusi mmoja kutoka kwenye taa hadi bolti safi ya bodi ndani ya buti. Taa inayowaka hafifu au inayopepesa ukiwasha indiketa karibu kila mara inalilia athi, wala haihitaji balbu mpya. Rudisha betri, washa taa, hakikisha namba inasomeka usiku.

Kinga za zamani usizitupe wala usimpe muuza vyuma chakavu. Ile iliyopinda inaweza kunyooshwa na kuchovywa kromu upya, kazi ambayo mimi hupeleka Nairobi, na chuma cha asili huwa kizito na chenye mkunjo sahihi kuliko cha kuiga. Anayetaka kupeleka gari kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse atafurahi kuwa nazo, kwa sababu waamuzi huko hutazama hata yale yaliyo chini ya gari. Ile iliyooza kabisa hutoa angalau bomba la kutenganisha na washa nene ambazo hazipatikani kwa urahisi.

Baada ya kufunga, endesha gari kilomita mia moja hivi kwenye njia yenye matuta ya kutosha. Mimi nilikwenda Molo na kurudi kupitia Njoro. Ukanda wa mpira huwa umeshajibana na bolti imelegea kwa kiasi kidogo. Kaza tena robo ya mzunguko kila upande, pitisha kidole chini ya kinga uone kama kitundu cha maji kiko wazi, na upake alama ya rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Siku nyingine ukiosha gari, alama hiyo ikiwa imeachana utajua bila kushika spana.